Mume Wangu Huongea Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Agosti

Barakoa za kuzamia zimefika leo. Fundi alifungua sanduku katikati ya karakana na sisi watu wazima tukalizunguka tukisukumana, kila mtu anataka kushika. Nimeamua msimu huu niandike. Kila kiangazi tunafunga handaki la maji, tunalikagua, tunalifungua mvua zikikaribia, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka kilichotokea isipokuwa Bosi, naye hukumbuka yale yanayomsifu tu.

Handaki letu linatoa maji bwawani na kuyapeleka mjini. Milango ikifungwa, maji hubaki ndani yametulia, na wazamiaji huingia kutafuta nyufa ukutani. Dari yake ni ya zamani, imeshika kutu na tope. Mzamiaji wa kawaida akitoa mapovu, mapovu yanagonga dari, tope linamwagika, na haoni tena hata kiganja chake. Ndiyo maana wazamiaji wetu hubeba mashine ya kuzungusha pumzi. Pumzi unayoitoa haiendi nje. Inapita kwenye bomba la mpira hadi kwenye kopo la chokaa mgongoni, chokaa inanasa hewa chafu, mashine inaongeza oksijeni kidogo, kisha unaivuta tena ile ile. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza nilimwambia Fundi huo ni uchoyo, mtu kula pumzi yake mwenyewe. Hakucheka.

Mimi sizamii. Kazi yangu ni ukingoni, kushika kamba. Miaka yote wazamiaji walikuwa wanauma mpira mdomoni, kwa hiyo hapakuwa na kuongea. Kamba ikivutwa mara moja, salama. Ikivutwa mfululizo, mambo yameharibika. Hizi barakoa mpya zinafunika uso mzima, kuanzia kwenye paji mpaka chini ya kidevu, na ndani zina kipaza sauti chenye waya. Mzamiaji ataongea nami nitamsikia kwenye spika. Bosi amenikabidhi simu hiyo bila hata kufikiri mara mbili. Hapa kazini naitwa Redio.

Pilipili, dada anayezamia na mume wangu, akauliza kwa kuchokoza hiyo simu itamsaidia nini Kimya. Karakana nzima ikavunjika mbavu. Kimya ndiye mume wangu. Alitabasamu tu, akaendelea kukaza skrubu yake.

Alhamisi, 6 Agosti

Mafunzo. Fundi alitupitisha kwenye barakoa kipande kwa kipande, na mimi niliuliza maswali mpaka Pilipili akaniletea maji ya kunywa, eti koo lisije likakauka. Kioo cha mbele. Mikanda ya nyuma ya kichwa. Pembeni kuna koki: ukiielekeza huku unavuta pumzi ya mashine, ukiielekeza kule unavuta kutoka kwenye mtungi wa akiba ulioning'inia ubavuni. Ukitaka kuvua barakoa ukiwa bado majini, lazima kwanza uifunge koki. Usipofunga, maji yataingia kwenye mabomba ya mpira, yatakutana na chokaa, na ule uji ukikurudia mdomoni unaunguza. Bosi alitukunjulia mdomo wake wa chini tukaona kovu.

Ndani ya barakoa kuna kikombe cha mpira laini kinachokaa juu ya pua na mdomo. Nikauliza kazi yake. Fundi akasema tutafika huko. Chai ikaletwa, hatukufika.

Ijumaa, 7 Agosti

Kimya amenyoa ndevu, kwa sababu nywele huachia nafasi na maji hupenya. Sikuwa nimekiona kidevu chake tangu tuoane. Ni kidevu kizuri. Nilimuuliza alikuwa anakificha cha nini, akapandisha mabega, akaenda kumwagilia mchicha.

Jumanne, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wameingia handakini leo kwa mara ya kwanza na barakoa. Nilikuwa nimekaa kwenye meza chini ya turubai, spika mbele yangu, kamba mkononi, Bosi amesimama nyuma. Kwa muda nilisikia pumzi tu. Kuingia, kutoka, na mlio mdogo wa mashine katikati. Nimelala ubavuni mwa pumzi hiyo miaka kumi na minne na sikuwahi kuisikiliza.

Nikabonyeza kitufe, nikamuuliza kama utaratibu unavyotaka, unaona nini. Nikaachia. Nilitegemea "ukuta". Badala yake mume wangu akaanza kuongea. Sauti ilikuwa imezibwa, kama mtu anayeongea na leso mdomoni, kila neno la tatu nikawa nalikosa, lakini haikuwa inakoma. Alieleza ukuta ulivyo wa rangi ya chai ya maziwa. Alieleza alama za mbao zilizoachwa na mafundi walioujenga, na kwamba fundi mmoja alikuwa anatumia mkono wa kushoto, inaonekana kwenye mikwaruzo ya mwiko. Akacheka. Mimi na Bosi tukatazamana.

Nilimwomba arudie mara kadhaa maana sikumpata vizuri. Akarudia bila kuchoka.

Jioni nyumbani nikamngoja. Alikula, akasema chakula kizuri, akalala.

Jumatano, 12 Agosti

Upepo. Vumbi limeingia kwenye spika. Fundi amelitoa kwa brashi ya rangi.

Jumatatu, 17 Agosti

Leo sauti ya Kimya imekuja safi kabisa. Nilimuuliza Fundi kama amebadilisha waya, akasema hajagusa kitu. Nadhani Kimya ameizoea barakoa. Pilipili bado anasikika kama yuko ndani ya gunia, lakini Pilipili hata nchi kavu huongea kwa kukimbiza maneno.

Leo nimejua kwamba mume wangu aliwahi kutaka kuwa mchoraji ramani. Nimejua anaogopa ngazi za chuma. Nimejua pia kwamba mwanya kwenye meno yangu ndio uliomfanya anifuate siku ile tulipokutana, hilo alilisema Bosi akiwa amesimama pale pale, na Bosi kwa mara ya kwanza akakumbuka ana shughuli ofisini.

Jumatano, 19 Agosti

Jua kali. Amenisimulia kambale anayekaa kwenye mlango wa handaki. Ana sharubu na dharau. Nimecheka mpaka kamba ikanitoka mkononi.

Ijumaa, 21 Agosti

Naona wivu, na niseme ukweli, ni kwa Pilipili. Anayasikia yote. Akitoka majini ananiambia, shemeji yangu leo alikuwa na mambo, utadhani redio ni yeye. Nami natabasamu huku moyo unanichoma. Hizo hadithi ni zangu, na ninazipata kwa spika, mbele za watu.

Jumatatu, 24 Agosti

Kimya ametoka majini na kichwa kinamgonga. Amekunywa maji, amekaa kivulini, kimepoa.

Alhamisi, 27 Agosti

Kichwa tena. Usiku alimkaripia binti yetu kwa kuacha mlango wazi. Huyu mtu hajawahi kumkaripia hata kuku. Binti alinitazama akiuliza kwa macho.

Jumatatu, 31 Agosti

Bosi ameitisha kikao kuhusu kichwa cha mume wangu. Kwake jambo lilikuwa rahisi: chokaa. Kama chokaa imezeeka au imepakiwa ovyo, hewa chafu haisafishwi vizuri, na mzamiaji anaipata tena, ndiyo hayo maumivu. Anayepakia chokaa ni Fundi. Fundi akasimama, akasema anapakia chokaa tangu Bosi hajaota kitambi, akaketi. Nami, bila kuombwa, nikasema afadhali ajaribu nyingine. Fundi alinitazama kwa jicho ambalo bado naliona.

Kinachonishangaza ni hiki. Vipimo vya mashine ya Kimya viko sawa kila siku. Pilipili anatumia chokaa ya pipa lile lile na hana hata kizunguzungu. Nilimuuliza Fundi vipimo vinapima nini. Oksijeni, akasema, akanigeuzia mgongo.

Ijumaa, 4 Septemba

Chokaa mpya. Kichwa kile kile.

Jumapili, 6 Septemba

Tumekwenda kumtembelea mama mkwe. Wakati Kimya anarekebisha bomba la jikoni, nikamuuliza mama kama mwanawe alikuwa anaongea utotoni. Mama akafikiri, akasema alikuwa anaongea sana, ila mpaka aulizwe, na akishaulizwa anakaa kwanza. "Watu hawana subira ya kumngoja, mwanangu. Anapofungua mdomo, wao wameshahamia habari nyingine."

Njiani kurudi sikusema kitu, mpaka Kimya akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa nafikiria ile simu. Ukibonyeza kitufe unasema, na ukiwa unasema humsikii mwenzako. Lazima ukiachie ndipo apate nafasi. Nyumbani hakuna kitufe, na mimi sijawahi kuachia. Namuuliza jambo, najijibu mwenyewe, nahamia jingine, halafu nalalamika kwa dada yangu kwamba nimeolewa na ukuta. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumanne, 8 Septemba

Mawingu ya kwanza, yamepita.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimejaribu nyumbani. Nilimuuliza swali kisha nikanyamaza. Alishika kichwa, akasema kinamuuma, tuongee kesho. Siku hizi akitoka majini anataka giza na asiguswe. Nimemwomba aende kwa daktari. Amesema daktari atamzuia kuzamia, na msimu umebaki kidogo tu. Nimemuuliza kwani akizuiwa atapungukiwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

Jumanne, 15 Septemba

Mawingu tena. Bosi anataka kona ya mbali ikaguliwe wiki hii, kabla mvua haijamlazimisha kufungua milango. Huko ni mbali kuliko kote walikofika, na dari ni mbovu zaidi. Nina wasiwasi. Nimemwambia Bosi kwamba Kimya hayuko sawa. Akasema mashine imepimwa, chokaa ni mpya, mtu mwenyewe anasema yuko tayari, sasa mimi nataka nini. Sijui ninachokiogopa.

Ijumaa, 18 Septemba

Ninaandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Yuko hai. Naliandika hilo kwanza.

Waliingia asubuhi, Kimya mbele, Pilipili nyuma yake. Mbingu ilikuwa nzito lakini hakukuwa na tone. Fundi alikuwa kwenye meza yake karibu nami, amenuna tangu kile kikao. Mwanzoni yote yalikuwa kawaida. Kimya alieleza ukuta, akakuta ufa, akaupima kwa kiganja, akaendelea. Sauti yake safi, kila neno. Kisha Pilipili akasema kitu, sikumwelewa, nikamwomba arudie, akarudia, sikumwelewa tena.

Walipofika konani Kimya akaanza kufupisha. Nilimuuliza unaona nini, akasema ukuta. Nikauliza ukoje. Akasema, "Si nimekwambia ni ukuta." Halafu akacheka, na hapakuwa na la kuchekesha. Katikati ya kila neno nilisikia akivuta pumzi, fupi, za haraka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nimekuwa nikiisikiliza pumzi hiyo msimu mzima. Ile haikuwa yake.

Hapo ndipo nikajiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwezi uliopita. Barakoa mbili, sanduku moja, waya wa aina moja. Kwa nini mmoja ameziba na mwingine yuko wazi?

Nikamgeukia Fundi. Nikamuuliza mbona Pilipili anasikika vile. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba ni kile kikombe cha ndani, kinabana mdomo, mtu yeyote mwenye kikombe husikika hivyo.

"Kimya hasikiki hivyo," nikasema.

Fundi akainua kichwa. Nikamwona anasikiliza spika, na uso wake ukabadilika. Akasema haraka haraka, na sasa naelewa kila neno: chokaa husafisha pumzi inayofika kwenye chokaa. Bila kikombe, pumzi unayoitoa inajaa kwenye barakoa nzima, inabaki pale mbele ya pua, na unaivuta tena kabla haijaenda kokote. Vipimo haviwezi kuiona, kwa sababu vinahesabu oksijeni na oksijeni ipo. Ukiongea sana, ukihangaika sana, ndivyo inavyozidi. Inakuumiza kichwa, inakuondolea akili, kisha inakulaza.

Nikabonyeza kitufe, nikamwambia ageuze koki, avute mtungi wa akiba, arudi. Nikaachia. Akasema, "Koki gani?" Nikamwambia ile ya pembeni ya uso wako. Akasema nimwache, amechoka, anataka kukaa kidogo. Kukaa. Ndani ya handaki. Nikamwita Kimya, hakuitika. Nikamwita kwa jina lake, lile alilopewa na mama yake, ambalo karakana nzima haikuwahi kulisikia. Pumzi ikawa inakoroma. Kisha kamba ikalegea mkononi mwangu.

Nilimwambia Pilipili: "Amezimia. Geuza koki yake, mtungi wa akiba, bonyeza hewa ijae kwenye barakoa yake, mlete." Sijui nilitoa wapi sauti ile. Kwa ndani nilikuwa nalia.

Pilipili hakuuliza kitu. Nilisikia mlio wa hewa ikimwagika kwa nguvu usoni mwa mume wangu, na baada yake mapovu, mapovu mengi, yale ambayo tunayakimbia kila mwaka. Yakagonga dari, na tope likashuka lote. Pilipili akasema haoni kitu. Lile nililielewa, kikombe au bila kikombe. Bosi akashika kamba nyuma yangu, tukavuta pamoja, pole pole, na yeye Pilipili akaifuata kamba kwa mkono mmoja na mkono mwingine amemkumbatia Kimya. Nilikuwa naongea muda wote. Sikumbuki nilisema nini. Katikati ya maneno yangu nilikuwa naachia kitufe na kusikiliza kama anapumua, na kila mara alikuwa anapumua.

Walipotokeza, Fundi aliruka majini na nguo zake. Tulipomvua barakoa, uso wake ulikuwa mkavu. Nimeushika kwa mikono miwili. Mkavu kabisa, wa moto, na jasho kidogo kwenye lile paji. Akafungua macho gari la wagonjwa lilipokuwa linaingia getini.

Jumamosi, 19 Septemba

Daktari anasema atapona vizuri. Kichwa bado, lakini anajua siku na anajua jina la binti yetu.

Bosi alikuja na uso wa kikao. Akamuuliza kikombe kiko wapi. Kimya akasema kwenye kabati lake la nguo, tangu wiki ya pili. Kila mzamiaji huosha barakoa yake na kuitundika mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeona. Bosi akataka kujua kwa nini. Kimya akakaa kimya muda mrefu, Bosi akafungua mdomo kuendelea, nikamkanyaga mguu. Nikangoja. Bosi naye akangoja, kwa maumivu.

"Kilikuwa kinanibana maneno," Kimya akasema. "Alikuwa ananiambia nirudie. Nilitaka anisikie."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na mabomba ya kunawia mikono. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja, na sikuweza kuamua kianze kipi. Mtu nimeishi naye miaka yote hii akingoja niachie kitufe, na alipopata upenyo wa kusema alikuwa tayari kuulipia kwa roho yake. Sijawahi kupendwa hivyo na sitaki kupendwa hivyo tena.

Jumatatu, 21 Septemba

Nimemwomba Fundi radhi. Nilijitayarisha kwa hotuba ndefu, nikasema neno moja tu na kunyamaza. Akakohoa, akasema yeye pia angetakiwa kunijibu siku ile ya chai. Kisha akanifundisha kile kikombe chote, na vile vidude viwili vya mpira vinavyoruhusu hewa iingie upande mmoja tu, na namna ya kuvikagua kwa ulimi. Nimeuliza maswali mpaka saa ya kufunga.

Alhamisi, 24 Septemba

Kikao kikubwa. Bosi alitaka barakoa zirudishwe zilikotoka, watu waume mpira kama zamani. Pilipili akasimama. Nilidhani atafoka, kama jina lake, lakini aliongea taratibu. Akasema Kimya angekuwa anauma mpira, alipozimia taya lingeachia, mpira ungetoka, na angekunywa handaki zima kabla yeye hajamfikia. Barakoa ilimkosesha hewa safi kwa sababu ilipunguzwa kitu. Hiyo hiyo barakoa ilimshikia uso mpaka akatolewa.

Hakuna aliyembishia. Nilimfuata nje nikamkumbatia, na akasema nisimlowanishe. Wivu wangu sijui umeenda wapi. Natafuta, siuoni.

Imeamuliwa: barakoa zinabaki. Kabla ya kuzamia, watu wawili watakitia kikombe kidole na kusema kwa sauti kwamba kipo. Mzamiaji ataongea la lazima tu, kwa maneno machache. Na mke hatashika simu ya mumewe. Hilo la mwisho Bosi alilisema akitazama dirisha. Nikakubali. Ningekuwa mimi Bosi ningeamua vile vile, na linaniuma mpaka kwenye mifupa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Kimya nyumbani. Anatembea, anakula, anapalilia. Kichwa hakijamuuma wiki nzima. Lakini haongei. Namuuliza, nangoja, anatikisa kichwa. Jana nilingoja mpaka chai ikapoa, akainuka akaenda kuosha vikombe. Naogopa yale yote yalikuwa ni hewa chafu. Naogopa alikuwa anaongea kwa sababu kichwa kilikuwa kinamlevya, na huyu wa nchi kavu ndiye aliyepo, basi.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimemuuliza Fundi hilo swali. Amesema hajui. Kisha akasema ile siku ya kwanza kabisa Kimya alipoongea, kikombe kilikuwepo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Daktari amemruhusu kuzamia, karibu tu, pasipo na kina. Mvua iko kwenye vilima, tunaisikia. Jumatatu watatoa vifaa kwenye mlango wa handaki, kisha milango ifunguliwe.

Jumatatu, 12 Oktoba

Bosi alikuwa kwenye simu. Mimi kwenye kamba, hatua chache pembeni, spika imegeuziwa upande wa pili. Fundi akatia kidole kwenye kikombe cha Kimya, akasema kipo. Pilipili akatia chake, akasema kipo. Mimi sikuombwa, lakini nilitia pia, na Bosi akajifanya haoni.

Walizama. Kamba ikapita mkononi taratibu. Kutoka kwenye spika nilisikia neno moja moja, limezibwa: sawa, nimeshika, vuta. Bosi naye alijibu kwa neno moja moja. Sikusikia pumzi. Nilikuwa nimejiambia sitajali, na nilijali kila dakika. Kamba ikavutwa mara moja, salama, nikajibu mara moja. Ndivyo tulivyoishi miaka yote, na wala haikunitosha.

Walipomaliza, Kimya alijitokeza, akasogea ukingoni, akafunga koki kwanza, kisha akavua barakoa. Nikampa mkono, akapanda. Fundi akamvua mashine mgongoni. Mistari ya mpira ilikuwa imemkata usoni, kidevu chake kimeanza kuota ndevu za siku mbili ambazo Fundi alizigombeza asubuhi. Akaketi kwenye benchi, maji yanamchuruzika. Nikaketi pembeni yake na taulo. Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nimechoka kuuliza na nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa kumrudisha, yanayobaki ni ziada.

Alikaa. Akakaa zaidi. Pilipili akaanza kukunja kamba, Bosi akazima spika, matone ya kwanza yakadondoka kwenye turubai.

"Kuna kitu nimekuwa nikitaka kukwambia tangu hospitali," akasema, "nilikuwa natafuta kinapoanzia."

Na akaanza. Sauti yake ile ile, bila waya. Alianzia mbali, kwenye nyumba ya mama yake, kwenye dirisha fulani, sikujua anaelekea wapi na nilikuwa radhi nipotee naye. Mvua ikakolea. Watu wakakusanya vifaa wakikimbia, wakatukuta pale pale, tumelowa wote wawili, yeye anaongea, mikono inaeleza, na mimi nimetulia kama maji ya mtungini.

Pilipili akasimama mbele yetu na furushi la kamba begani. Akanitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena, akauliza leo Redio imekumbwa na nini mbona haitoi sauti.

Nikajiwekea kidole mdomoni kumwashiria. Mwenzangu alikuwa hajamaliza.